Kamba inayoelea na kamba inayozama: koo mbili za plastiki zinazovuka Ruvuma

KATIKA mizigo inayovushwa kutoka Kilambo, upande wa Mtwara, kwenda Namoto, upande wa Msumbiji, plastiki haikosi. Kuna ndoo na mabeseni yaliyopachikwa moja ndani ya jingine, madumu matupu ya lita 20, maturubai, kandambili, mabomba ya maji, mabunda ya kamba na nyavu zilizofungwa marobota. Ukiendelea na safari kupita Quionga hadi Palma, na kutoka Palma hadi Mocímboa da Praia, utavikuta vitu hivyohivyo vimepangwa mbele ya maduka na juu ya majamvi ya wachuuzi.

Mnunuzi wa pwani hiyo, hasa akiwa mvuvi, hana maneno mengi. Huishika kamba, huipinda, huivuta, kisha huuliza: "Mwanangu, hii inaelea au inazama?"

Mchuuzi anayejibu, "Kamba ni kamba tu, mzee," ameshapoteza mteja, au ameshamtia hasarani. Kamba ya nanga inayoelea hulegea juu ya maji, na pangaboi la boti inayopita hulinyakua fungu lote. Kamba ya maboya inayozama huuvuta wavu chini mahali pasipotakiwa. Bei ya kamba hizo mbili haitofautiani sana dukani, lakini baharini tofauti yake ni wavu mzima.

Kwa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kosa la namna hiyo ni zito kuliko kwingine. Mapigano yaliyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na shambulio la Palma la Machi 2021, yaliwafanya watu wengi kukimbia na kuacha mashua, nyavu na maduka. Waliorudi wameanza upya. Mvuvi ananunua kamba kwa fedha ambayo hana nyingine ya kuirudishia, na mchuuzi anayemuuzia naye mara nyingi mtaji wake wote umo ndani ya mzigo mmoja. Makala haya yanaeleza kwa nini kamba moja inaelea na nyingine inazama, kwa nini dumu moja linahimili asidi na jingine halihimili, na kwa nini mfuko unaofanana na nguo unaweza kukugharimu mpakani. Majibu yote yanaanzia katika elimu ya kemia, tena sehemu yake ambayo si ngumu.

Mnyororo mmoja, njia mbili za kuufunga

Kila plastiki ni polima, yaani mnyororo mrefu sana wa vipande vidogo vinavyofanana. Kipande kimoja huitwa monoma. Mjerumani Hermann Staudinger ndiye aliyetangaza hoja hiyo mwaka 1920, wakati wanakemia wengi wakiamini kwamba vitu hivyo ni mkusanyiko tu wa chembe ndogo zilizogandana. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1953, baada ya ushahidi kumthibitisha.

Minyororo hiyo hufungwa kwa njia kuu mbili, na kila njia imezaa ukoo wake wa plastiki.

Njia ya kwanza ni ya nyongeza. Chukua gesi iitwayo ethilini. Molekyuli yake ina atomi mbili za kaboni zilizoshikana kwa mikono miwili, kama mtu na mwenziwe waliosimama wakitazamana. Kikiingia kichocheo, mkono mmoja huachia na kumshika jirani. Jirani naye huachia mkono mmoja na kumshika wa tatu, na safu huendelea kukua mpaka kufikia maelfu. Hakuna kinachotupwa. Kilo 100 za ethilini zikiungana zote, unapata kilo 100 za polietilini, ile ya madumu, ndoo na mifuko ya plastiki. Miongoni mwa wa mwanzo kuiona ni Eric Fawcett na Reginald Gibson wa kampuni ya ICI huko Uingereza, Machi 1933, walipokuta unga mweupe kama nta ndani ya chombo chao cha majaribio. Ukoo huu una pia polipropilini ya viroba na kamba, PVC ya mabomba, na polistirini ya maboya meupe mepesi.

Njia ya pili wanakemia huiita kondensesheni. Hapa monoma mara nyingi huwa za aina mbili, kila moja ikiwa na ncha yake maalumu. Ncha mbili zikikutana hushikana, lakini haziwezi kushikana bila kutoa kitu, na kitu hicho kwa kawaida ni molekyuli ya maji. Mchuuzi anaweza kuyafikiria maji hayo kama nauli ya kivuko: kila muungano unaofanyika lazima ulipiwe. Ndiyo maana hesabu ya hapa ni tofauti na ile ya kwanza. Poliesta ya chupa za maji hutengenezwa kwa asidi ya tereftaliki na ethilini glikoli. Ukiunganisha uzito wa 166 wa asidi na 62 wa glikoli, jumla ni 228. Lakini poliesta unayopata ni 192 tu, kwa sababu 36 zimeondoka zikiwa maji.

Nailoni ni wa ukoo huu wa pili. Aliitengeneza Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont ya Marekani, Februari 1935. Poliesta ya chupa na nguo ilifuata mwaka 1941, kazi ya John Rex Whinfield na James Tennant Dickson wa Uingereza. Ipo pia aina ya nailoni inayoitwa nailoni 6, ambayo hutengenezwa kwa kufungua pete za molekyuli badala ya kutoa maji, lakini viungo vya mnyororo wake ni vya namna ileile, na tabia zake sokoni ni za ndugu yake.

Majina ya mtaani yanadanganya

Kabla ya kufika kwenye vipimo, tuondoe mtego wa maneno. Mfuko ambao watu wengi wanauita wa nailoni si nailoni hata kidogo. Ni polietilini, ukoo wa kwanza. Nayo kamba inayoitwa ya manila, yenye rangi ya buluu, kijani au chungwa, mara nyingi ni polipropilini au polietilini. Manila ya kweli ni nyuzi za mmea wa abaka wa Ufilipino, jamaa wa mgomba.

Ukimwagiza wakala aliyeko Dar es Salaam au Mtwara kwa jina la mtaani, usishangae akikuletea kitu kingine. Taja kazi ya kamba, si jina tu: ya nanga, ya maboya, ya kufungia mzigo.

Beseni la maji ndilo mizani

Kipimo rahisi kuliko vyote kinahitaji beseni na tone la sabuni. Kata kipande cha kamba chenye urefu wa kidole gumba, kichambue nyuzi, kizamishe na kukiminya ndani ya maji ya sabuni ili mapovu ya hewa yatoke, kisha kiachie.

Polipropilini na polietilini ni nyepesi kuliko maji. Lita moja ya maji baridi ina uzito wa kilo 1, wakati polipropilini ya ujazo huo ina takriban gramu 900, na polietilini kati ya gramu 910 na 970. Zote zitapanda juu. Nailoni ina kama gramu 1,140 na poliesta kama gramu 1,380, kwa hiyo zitazama. Maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko ya kisima, lakini hayabadilishi matokeo hayo.

Sababu imo katika mnyororo. Ukoo wa nyongeza katika polietilini na polipropilini ni kaboni na hidrojeni tupu, chembe nyepesi zisizovutana sana. Nailoni ina oksijeni na naitrojeni, poliesta ina oksijeni, na minyororo yake hushikana kwa karibu zaidi.

Tahadhari mbili. PVC ni wa ukoo wa nyongeza, lakini huzama kwa sababu ndani yake mna klorini, ambayo ni nzito. Na boya la polistirini huelea kwa sababu limejazwa hewa. Polistirini yenyewe ni nzito kidogo kuliko maji. Kwa hiyo beseni linakuambia uzito. Halikuambii ukoo peke yake.

Kwa mvuvi, matumizi yako wazi. Kamba ya juu ya wavu, inayobeba maboya, na ielee. Wavu wenyewe huwa wa nailoni kwa sababu unazama na unanyumbuka samaki anapojitupa ndani yake. Kamba ya nanga nayo inafaa iwe ya nailoni, kwa kuwa huvutika wimbi linapopiga, badala ya kuupokea mshtuko wote kwa ghafla na kukatika. Mwambie mteja pia kwamba nailoni hunywa maji kidogo na nguvu yake hupungua ikiwa imelowa, mara nyingi kwa asilimia 10 hadi 15. Basi anayehitaji kamba ya kubeba uzito fulani asichague ile iliyo sawasawa na uzito huo.

Maji hurudia mlango yaliotokea

Hapa ndipo tofauti ya koo inapokuwa suala la usalama. Kiungo kilichofungwa kwa kutoa maji kinaweza kufunguliwa kwa kurudishiwa maji. Katika maji ya kawaida jambo hilo huenda polepole mno, na ndiyo maana chupa ya poliesta iliyotupwa ufukweni hudumu miaka. Lakini kukiwa na asidi kali, kostiki soda au joto kubwa, kazi huharakishwa.

Asidi ya betri huila nailoni. Kamba ya nailoni iliyosafirishwa pembeni ya betri iliyovuja inaweza kuonekana nzima, kumbe imeshakatika ndani. Polietilini haina kiungo cha namna hiyo. Mnyororo wake ni kaboni iliyoshikana na kaboni. Kwa sababu hiyo asidi ya betri huuzwa katika vyombo vya polietilini, na gamba la betri ya gari kwa kawaida ni polipropilini.

Vivyo hivyo kwa wanaouza malighafi ya sabuni. Maji ya kostiki soda yasiwekwe katika chupa tupu ya maji ya kunywa. Chupa hiyo ni poliesta, na kostiki huishambulia taratibu mpaka inavuja, labda ndani ya gari, labda mkononi mwa mtoto. Tumia dumu zito la polietilini, lifunge vizuri na liandike.

Joto nalo lina kipimo chake. Chupa ya poliesta hulegea kabla maji hayajachemka. Muuzaji wa mafuta ya nazi anayeyamimina yakiwa moto ataona chupa ikijikunja. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi, kwa hiyo huvumilia maji yanayochemka kuliko plastiki nyingi za jikoni.

Jua, kwa upande wake, halichagui ukoo. Polipropilini isiyotiwa dawa ya kuikinga hukauka na kumomonyoka mapema. Masizi meusi yanayochanganywa katika plastiki ni kinga nzuri, hivyo bomba au turubai jeusi si ushamba. Mzigo unaosubiri siku nyingi ufukweni ufunikwe.

Vyandarua: koo zote mbili sokoni

Mfano mzuri wa koo hizi mbili uko katika vyandarua. Kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza mwaka 2003 kutengeneza vyandarua vya Olyset. Nyuzi zake ni polietilini, na dawa ya kuua mbu imechanganywa ndani ya plastiki yenyewe kabla haijavutwa kuwa uzi. Dawa hiyo hujitokeza juu kidogo kidogo. Vyandarua vingine ni vya poliesta laini, na dawa yake hupakwa juu ya uzi.

Anayevigusa atasema kimoja kigumu na kingine laini, basi. Ukweli ni kwamba ni vitu viwili tofauti vyenye kazi moja. Visifuliwe kwa maji ya moto wala kuanikwa juani, kwa kuwa dawa huharibika. Na vile vilivyogawiwa bure na serikali au mashirika si bidhaa ya kuvushwa, wala si wavu wa kuvulia vidagaa na makinda ya samaki.

Mfuko unaofanana na nguo

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia Juni 1, 2019. Marufuku hiyo inagusa kuingiza, kusafirisha nje, kutengeneza, kuuza, kuhifadhi na kutumia, bila kujali unene wa mfuko. Kenya ilitangulia Agosti 2017. Msumbiji ilitoa amri yake mwaka 2015, ikilenga mifuko myepesi yenye unene wa chini ya mikroni 30. Kwa mchuuzi wa Palma maana yake ni hii: mfuko mzito usioguswa na amri hiyo ya 2015 unaweza kukamatwa ukishavuka mto.

Wengi walipohamia mifuko laini ya rangi inayofanana na nguo, walidhani wameachana na plastiki. Hawajaachana nayo. Ni polipropilini, ukoo uleule wa nyongeza, isipokuwa nyuzi zake zimebanwa kwa joto badala ya kufumwa. Tanzania imeiruhusu kwa masharti ya viwango, likiwemo la uzito usiopungua gramu 70 kwa meta moja ya mraba. Ile inayopenyeza mwanga na kuchanika kwa kidole ndiyo iliyowaponza wafanyabiashara wengi. Kata mraba wa sentimeta 10 kwa 10 na uupime kwenye mizani ya sonara: usipofikisha gramu 0.7, usinunue.

Chupa chakavu si takataka moja

Chupa na madumu yaliyotumika ni biashara pia, na hapo kutojua koo ni kupoteza bei. Tazama alama ya pembetatu chini ya chombo. Namba 1 ni poliesta ya chupa, 2 ni polietilini ngumu ya madumu, 3 ni PVC, 4 ni polietilini laini, 5 ni polipropilini, 6 ni polistirini na 7 ni nyinginezo.

Usichanganye 1 na 3. Poliesta huyeyuka karibu na nyuzijoto 250, na katika joto hilo PVC hutoa asidi inayokatakata minyororo ya poliesta. Vipande vichache vinaweza kuharibu tangi zima. Poliesta iliyolowa nayo husumbua, kwa kuwa maji yakikutana na joto la tanuri hufungua vile viungo tulivyovisema. Mnunuzi anayekukata bei kwa mzigo mbichi hakuonei.

Vifuniko vya chupa ni vya ukoo wa nyongeza. Viwanda huvitenganisha kwa beseni lilelile la mvuvi, ila kubwa: chupa zilizosagwa huzama, vifuniko huelea. Ukivitenganisha mwenyewe mapema, unauza mizigo miwili safi badala ya mmoja mchafu.

Wako wanaopima kwa kiberiti. Polietilini hunuka kama mshumaa uliozimwa, nailoni hunuka kama nywele zilizoungua, na capulana au kitenge cha poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu, wakati pamba huacha majivu kama ya karatasi. Fanya hivyo nje, kwa uzi mmoja tu, wala usiinuse moshi wake kwa karibu. PVC usiichome kabisa. Moshi wake ni sumu.

Je, gesi ya Afungi itashusha bei ya ndoo?

Swali hili ni la haki. Gesi nyingi iligunduliwa katika bahari ya bonde la Ruvuma kuanzia mwaka 2010, na rasi ya Afungi, wilayani Palma, ndiyo iliyochaguliwa kwa mtambo wa kuigeuza kuwa kimiminika. Meli ya Coral Sul tayari ilipakia shehena ya kwanza Novemba 2022. Plastiki hutokana na mafuta na gesi. Kwa nini basi ndoo itoke mbali?

Jibu ni la kikemia. Gesi ya bonde hili, kama ile ya Mnazi Bay upande wa Mtwara, karibu yote ni methani. Methani ina kaboni moja tu, haina ile mikono miwili ya kuachia mmoja. Ethilini hupatikana kirahisi kutokana na ethani au mafuta mepesi, ambavyo katika gesi hii ni haba. Methani inaweza kugeuzwa kuwa methanoli na hatimaye plastiki, lakini hilo linataka mitambo mikubwa ya aina nyingine. Gesi inayopakiwa melini inakwenda kuwa moto na umeme. Mchuuzi asipange mtaji wake kwa kungoja ndoo za Palma.

Biashara ya zamani, elimu mpya

Polima si ngeni Ruvuma. Mtepe wa pwani yetu ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na nyuzi hizo ni polima ya asili iliyojengwa kwa sukari zilizofungamana huku zikitoa maji. Katika robo ya mwisho ya karne ya 19, misafara ilishusha mpira wa porini kutoka nchi ya Wamakonde hadi bandari za kusini, nao mpira ni mnyororo wa isoprini. Waliobeba mizigo hiyo waliijua kwa mkono, kwa pua na kwa macho.

Leo Tanzania na Msumbiji ni wanachama wa SADC, jumuiya iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne Agosti 2019. Anayezungumza Kimwani, Kimakonde au Kiswahili anaweza kuuliza swali lake na kujibiwa bila mkalimani. Kilichobaki ni jibu lenyewe kuwa la kweli. Mzee akikuuliza kama kamba inaelea au inazama, usimwapie. Mwombe beseni la maji.